Washindani wa Mto Tshopo

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe 12 Agosti 1955, wakati watu wa Kisangani wanakoka moto wa chakula cha jioni. Polisi wawili waliingia kwa papa Lukumani, fundi wa mbao, wakaibeba lokole yake, lile gogo la kupigwa, lililochongwa tumbo, wakaenda nayo ofisini. Kosa lake, walisema, ni kulia baada ya saa tatu ya usiku, saa ambayo mtu mweusi alikuwa haruhusiwi hata kukohoa barabarani.

Jumamosi ya juma lililofuata ilikuwa harusi ya Aziza, binti yake wa pekee. Mke wake alipokuwa anakata roho, Lukumani alimwahidi kwamba mtoto ataolewa kwa sauti ya lokole ile, si ya nyingine. Sasa ilikuwa imelala chini ya meza ya ajenti, mzungu mkubwa wa ofisi ile.

Lukumani alikuwa na hasira na wakubwa wote. Mvua ikikawia, kosa ni lao. Akaenda ofisini, akaapa kwamba yeye huweka vijiti chini mapema. Wanaopiga usiku kucha ni Kasongo na kundi lake la ngoma, wa ng'ambo ya Tshopo. Na kweli, majuma mengi, giza likiingia tu, ilisikika huko mtoni ko! ko! ko!, kama lokole yenye mafua. Kundi likichokozwa na kundi haliwezi kunyamaza, ndiyo desturi, basi watu wa Lukumani wakawa wanajibu kila jioni. Ajenti akamwambia: niletee Kasongo, utachukua gogo lako.

Lakini utamtafutaje mtu usiku, na kutembea kumekatazwa? Florentine, mwimbishaji wa kundi, ndiye aliyepata njia.

"Papa, ngoma wamekataza, bon. Kutwanga pondu, nani alikataza?"

Usiku huo kila nyumba ya kando ya mto ilitoa kinu na majani ya muhogo. Anayesikia ile sauti karibu atwange kwa nguvu, anayeisikia mbali atwange polepole, ndipo itajulikana inatoka wapi. Kartie nzima, mtaa wote, ikatega masikio. Michi ilikuwa mizito zaidi upande wa chini, kwa Yakubu mvuvi. Usiku wa pili mtu akatia wimbo juu yake, wengine wakaitikia, na walinzi wakashangaa watu hawa wanakula pondu namna gani.

Jumatatu, jua likizama, Lukumani na Florentine wakapanda mtumbwi wa Yakubu mpaka kwenye miti mirefu ya upande ule. Chini ya matawi wakagongana na mtumbwi mwingine. Ndani yake alikuwamo Kasongo, rungu mkononi, na waimbaji wake.

"Lukumani, mwizi wa usingizi," Kasongo alisema. "Lokole yako iko wapi?"

"Iko ofisini, sababu yako. Na yako?"

"Iko ofisi ya kwetu, sababu yako. Waliniambia nikulete."

Kabla hawajashikana mashati, ko! ko! ko! ikawaangukia kichwani. Yakubu akainua taa. Kwenye majani walining'inia popo wakubwa, pua ndefu kama ya farasi, midomo imevimba. Kila dume lilikuwa na tawi lake, linatikisa mabawa na kuita. Majike yalipita mbele yao bila haraka, kama mama anayechagua samaki sokoni.

Florentine alicheka mpaka mtumbwi ukaingiza maji. "Ni ngembo. Tumeshindana na ngembo, na wametushinda."

Ajenti aliletwa kesho yake jioni. Alisimama kwenye matope na viatu vyake vizuri, akasikiliza mpaka mbu wakamchosha. Kisha akampigia simu mwenzake wa ng'ambo, na lokole zote mbili zikarudi. Kuomba radhi, hapana. Lukumani alisema neno pole haliwezi kukaa katika mdomo wa mkubwa. Lakini alilisema hilo akicheka, na tangu msiba wa mke wake watu hawakuwa wameyaona meno yake.

Siku ya harusi Lukumani na Kasongo walikaa bega kwa bega, wakapiga tangu alasiri. Giza lilipoanza wakapumzisha mikono, na kule mtoni wale wengine wakapokea. Wageni wakanyamaza kuwapa nafasi yao. Aziza, katika nguo zake za bibi-arusi, akainama sikioni mwa baba yake.

"Papa, sisi tuliwadhania ngembo hawa ni watu wa Kasongo. Na wao, majuma yote yale, walitudhania sisi ni nani?"