Mstari wa Shangazi

Mistari miwili kwenye kioo cha kompyuta ilikataa kukutana. Wa bluu ulionyesha protoni zilizorudi baada ya kugonga kipande cha silikoni. Mwekundu, hesabu ya zilizopaswa kurudi. Mwekundu ulikuwa chini, na hesabu yake ilitegemea vipimo vya shangazi yangu.

Kazi yetu ilikuwa na umbea kidogo: kuchunguza kama waliyosema wengine ni kweli. Ukirusha protoni kwenye kitu, zinazorudi hukueleza kimeundwa na nini, mradi ujue kila aina ya atomu hurudisha ngapi. Kwa silikoni, maabara nyingi zilimwamini Shangazi. Vipimo vyake vikianguka mtihani, vingeondolewa kwenye orodha tuliyowatunzia. Alikwisha kustaafu, na vipimo hivyo ndivyo alivyojivunia waziwazi kuliko kitu chochote, hata mimi aliyenilea.

Nilitafuta kosa letu kwa moyo wote, sikuliona. Mwishowe nikamwita.

"Tofauti ni ndogo tu, Shangazi. Labda mtambo wetu..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mwanangu." Akavaa miwani. "Kipande mmekiwekaje?"

"Tumekiinamisha kidogo, kama kawaida."

Enzi zake hakuna aliyemfundisha kawaida hiyo. Alishinda asubuhi nzima akikinyoosha kipande chake mpaka kikautazama mwale wa protoni uso kwa uso. Ndivyo alivyo, hata mashuka huyatandika bila kunjo. Lakini atomu za fuwele kama silikoni hukaa kwa safu, kama mahindi shambani, na ukisimama sawa na safu unaona hadi upande wa pili. Protoni zake nyingi zilipita katikati, hazikugonga kitu.

"Kinyooshe," aliagiza.

Nikakinyoosha, tukapima. Mstari wa bluu ukashuka, ukalala juu ya mwekundu. Nilifurahi kwamba hakukosea kuhesabu, nikahuzunika papo hapo, maana sasa shaka ilikwisha: kunyoosha kule ndiko kulikopunguza namba zake.

Shangazi alicheka mpaka akavua miwani. "Unadhifu wangu wote huo! Kumbe nilizifungulia mlango mwenyewe, halafu nikakaa kuzihesabu zikirudi."

"Sasa tufanyeje?"

"Viondoe."

"Lakini Shangazi, ni vipimo vyako..."

"Watu wanavitegemea. Viondoe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nikaviondoa. Machozi yalinilenga, yeye akawa anatafuta koti la maabara. Lililopatikana lilikuwa langu, likambana mabegani.

Vipimo tulivyoanza mchana ule vinatumika hadi leo, na wanaovitumia hawana haja ya kujua hayo. Mimi nakumbuka alivyoinama juu ya chemba ya mtambo iliyo wazi, bisibisi mkononi, akikiinamisha kipande kipya taratibu. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nikimuuliza.

"Hapa?" akauliza.

"Zaidi kidogo, Shangazi."

Akageuza kidogo, akasubiri nimwambie tena.