Aliyesemewa

Tangu baba mkwe wake ashuke kutoka Samburu kuja kukaa nao Ukunda, Mbodze hakuwa amesemezana naye moja kwa moja hata mara moja. Si kwa ugomvi. Ndivyo ilivyokuwa kwao: mkaza mwana hamtazami mkwe usoni, halitamki jina lake, wala hataji mbele yake mambo ya mwili. Mzee akitaka maji ya kuoga alimwambia mjukuu, mtoto wa miezi minane ambaye hata kutambaa kulikuwa bado kunampa taabu. "Somo," alikuwa akimwita, kwa kuwa mtoto alipewa jina lake, Mramba, "mwambie mama yako maji." Na Mbodze, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka hapo, aliyapeleka. Yeye mwanawe alimwita Baba, maana jina lile halikuwa la kinywa chake.

Choo cha ploti kilikuwa cha wapangaji sita. Zamu ya kukiosha ilipomfikia, Mbodze aliingia na ndoo mara tu mzee alipotoka, akaona damu. Siku ya pili akaiona tena. Jioni alimnong'oneza mumewe, Mwero, naye akasema kwamba alikuwa ameona baba yake amekonda, ila alidhani ni kiangazi tu, jinsi mbuzi walivyokwisha huko kwao.

Bahati iliyoje, wakasema, kwa sababu wiki ile ile madaktari wageni walikuwa wamepiga mahema katika uwanja wa shule, Tiwi. Walikuwepo siku tatu. Mwenye maradhi makubwa aliandikiwa barua ya kulazwa hospitali ya Msambweni, na gharama ilikuwa juu ya hao wageni. Majina yangefungwa siku ya tatu, saa kumi alasiri. Wakapanga hivi: siku hiyo ya mwisho Mbodze ashike foleni na mzee tangu alfajiri, kisha Mwero, ambaye ni mtunza bustani katika nyumba za wageni Diani, aombe ruhusa, afike mchana, aingie na baba yake. Mambo ya wanaume yasemwe na wanaume.

Saa nane Mwero alipiga simu. Msimamizi hakumruhusu bado, kuna wageni wanashuka. Anajaribu. Saa tisa na nusu hakuwa amefika, na namba yao ikaitwa.

Kijana aliyesimamia foleni, Kitonga, alikuwa na sauti iliyokwisha kukauka. "Wasee, translator tuko naye mmoja na anacheza meza nne," akasema. "Nani hapa anajua Kizungu?"

Mkono wa Mbodze ulipanda kabla yeye hajafikiri. Miaka miwili alikuwa akienda masomo ya jioni, wengine wakiyaita ngumbaru kwa kumcheka, akaenda hata tumbo lilipokuwa kubwa kiasi cha kugombana na dawati. Hakuwahi kupata mahali pa kukitumia Kiingereza chake ila kusoma maandishi ya mifuko ya unga. Nyuma yake jirani yao, Twaiba, akacheka. "Haya, shoga. Leo tutajua kama ulikuwa unasoma au unapunga upepo."

Alipokuwa ndani ya hema, mtoto mapajani, ndipo alipofahamu alichokifanya. Daktari alikuwa mwanamke, tena kijana, mwenye madoa ya jua puani. Mzee akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati yao, fimbo mapajani, akatazama turubai.

Daktari aliuliza jina la mgonjwa. Mbodze aliomba kalamu, akaliandika.

"Somo," akasema mzee kwa Kiduruma, "mwambie mama yako amwambie huyu kwamba mgongo unaniuma."

Daktari aliinua uso, akatabasamu kama mtu aliyefungiwa mlango naye amesikia vicheko ndani. Alitaka kujua mzee amesema nini. Mbodze alimfasiria upesi, huku akiona haya. Mwalimu Nzisa, aliyewafundisha jioni, alikuwa ameliandika jambo hilo ubaoni, nao wakalinakili: ukisema lugha yako mbele ya mtu wa Kiingereza, mfasirie kila neno, la sivyo atadhani unamsengenya, na hiyo si adabu. Hakuna aliyeuliza darasani kuhusu yule mwingine, asiyekijua Kiingereza, naye ameketi hapo hapo.

Daktari akaendelea. Mgongo umeanza lini? Kuna homa? Kisha akauliza kuhusu mkojo, kama unatoka vizuri, kama umewahi kuwa na damu.

Mbodze akainamia mtoto. "Baba," akamwambia, "muulize babu... akitoka nje usiku, huwa salama?"

"Salama," akajibu mzee.

Daktari alimtazama huyu, akamtazama yule. Mbodze akamwambia kwa Kiingereza kwamba amesema hapana.

Basi daktari akavuta kikaratasi cha vidonge vya maumivu, akaanza kuandika. Saa ya simu ilionyesha kumi kasoro dakika kumi na mbili. Mbodze alitazama mlango wa hema. Mwero hakuwepo.

Ndipo akasema. Alisema kwa Kiingereza, na alishangaa jinsi kilivyokuwa chepesi. Maneno ambayo kwa Kiduruma yangalimuunguza, kwa Kiingereza yalikuwa kama vyombo vya watu: unaviosha, unavipanga, havikuhusu. Alisema damu aliiona. Alisema mara ngapi, na rangi gani, na jinsi mzee anavyoamka kila saa, na anavyokaa huko nje kwa muda mrefu akiguna. Daktari aliacha kuandika. Akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini, na Mbodze akajibu, na bila kukusudia macho ya yule mwanamke yakatoka usoni kwa mzee yakateremka mpaka mapajani pake, pale fimbo ilipolala.

Mzee Mramba hakujua Kiingereza. Lakini maisha yake yote alikuwa ameuza mbuzi kando ya barabara kuu, Samburu, na aliijua vizuri sura ya madalali wawili wanaozungumza lugha ya pembeni juu ya mnyama aliyesimama katikati yao.

Akasimama. Akamgeukia Mbodze, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Umemwambia nini?"

Daktari naye, kwa upole ule ule, akauliza mzee anasema nini. Mbodze akawa katikati ya watu wawili waliofungiwa nje, ufunguo anao yeye, na mkono haunyanyuki.

"Nimemwambia umri wako," akasema.

"Umri wangu wote huo?"

Akatoka. Barua ilipopigwa mhuri zilikuwa zimebaki dakika nne. Mbodze alimfunga mtoto mgongoni, akaipokea kwa mikono miwili, akamkimbilia mzee. Hakumfikia; alikuwa ameshapanda gari.

Mwero alirudi magharibi, akakaa na baba yake uani. Aliomba, alibembeleza, mwisho alilia. Mzee alimwambia jambo moja tu. "Barua hiyo ni ya watu wawili waliozungumza. Mimi sikuwamo." Asubuhi alipanda gari la Mariakani, akarudi kwake. Siku iliyoandikwa kwenye barua ilifika, ikapita.

Mwero alimfuata mara mbili, akarudi peke yake. Mara ya tatu, miezi miwili na nusu baadaye, alirudi naye, amelazwa nyuma ya pikapu ya jirani juu ya godoro, na hakukuwa na haja ya kumbembeleza tena, kwa maana hakuwa na nguvu ya kukataa.

Msambweni walipokewa na daktari wa makamo, Sharif, mtu wa pwani. Alimwamkia mzee shikamoo, akavuta pazia, akamuuliza kwa Kiswahili mambo yale yale. Mzee akayajibu yote. Hakuficha hata moja. Daktari Sharif alipouliza mbona amechelewa hivi, akasema, "Nilikuja. Nikasemewa."

Mwero alimpa mkewe habari hizo kwenye benchi la nje, akitazama viatu vyake. Ugonjwa ulikuwa umeshapanda mpaka kwenye mifupa. Hapakuwa na cha kukata.

Mzee alikaa wodini siku tisa. Mbodze alileta uji kila asubuhi, akauweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili, na hakuna aliyemwambia mtoto neno. Siku ya saba mzee akafumbua macho.

"Somo."

Mbodze akasimama pale pale.

"Mwambie mama yako, kuna neno alilisema mara tatu mbele ya yule mwanamke. Nililihesabu. Alianza nalo polepole, kisha akalizoea. Ni neno gani?"

Alilijua mara moja. Akambana mtoto kifuani pake. "Baba, mwambie babu neno hilo ni 'blad'. Maana yake damu."

Midomo ya mzee ililijaribu bila sauti.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Damu naijua," akasema. "Damu ningaliisema mwenyewe."

Mbodze hakujua kama ni kweli. Siku ile alijibu salama. Lakini hakuulizwa damu. Aliulizwa usiku.

Mzee akageukia ukutani. Uji ulipoa, ukafanya ngozi juu. Mbodze akatoka hadi kwenye benchi, na Mwero alipouliza baba amesema nini, alimweka mtoto mapajani pa mumewe, akamweleza yote kwa Kiduruma, tangu hema la Tiwi, na kila kitu akakiita kwa jina lake.