Ng'ombe Waliokwama Kwenye Sidii

Mwaka 2003 Chausiku Mdoe alikuwa na kompyuta moja pale Manundu, Korogwe, na kazi yake ilikuwa kuchapa: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mihtasari ya vikao vya vijiji. Gemu hakuwahi kuingiza hata moja. Ndiyo maana Mzee Andrea Nkoitiko, mfugaji wa Kwedizinga, alipotoa sidii kwenye mkoba wake wa ngozi na kumwomba amfungulie ng'ombe waliomo ndani, Chausiku alidhani hakusikia vizuri.

Alikuwa amesikia. Mzee alieleza kwamba ameinunua Tanga, kwa muuzaji aliyemwonyesha kwenye kioo cha kompyuta zizi, majani mabichi na ng'ombe wanaozaa. Kwao mvua ilikuwa imewatupa mwaka wa pili sasa. Alitaka kufuga mahali pasipo ukame.

Chausiku akaitia sidii. Mashine ikakoroma, ikafika asilimia kumi na mbili, ikasimama, kisha ikaandika kwamba haiwezi kusoma.

"Pole yake," alisema Mzee Andrea aliposomewa maneno hayo. "Hata mimi nilichelewa shule."

Chausiku akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga. Kasha lilikuwa limevunjika njiani, na sidii ilisafiri uchi pamoja na ugoro wa mzee. Akaipuliza, na hapo akakosea. Walipiga chafya kwa zamu, yeye na mwenye ugoro, mpaka wateja wawili wakaahirisha shida zao. Alipopata pumzi alilowesha ncha ya kanga, akafuta kutoka katikati kwenda ukingoni, maana fundi mmoja alishamwonya kwamba ukizungusha unaongeza mikwaruzo.

Sasa ikafika thelathini na nane, ikakwama. Akarudia: ishirini na tisa. Akarudia tena: arobaini na moja. Akaanza kushuku. Sidii iliyokwaruzika hukwama palepale. Hii ilikuwa ikihamahama.

Mzee Andrea hakuona ajabu katika kuhama. Alichoona yeye ni kalamu, iliyokuwa ikitembea yenyewe mezani. Akaweka kiganja juu ya meza, kama anayepima homa ya ndama.

"Mama, meza yako inatetemeka."

Ilikuwa ni mashine ya kusaga ya Simeo, ukuta kwa ukuta. Chausiku alikuwa ameizoea miaka sita hata hakuisikia tena. Akaenda kumwomba Simeo azime kwa robo saa. Foleni ya akina mama wenye ndoo za mahindi ikataka kujua kulikoni, naye, kwa kukosa uongo wa haraka, akasema kuna ng'ombe wanaingia kwenye kompyuta. Mmoja wao aitwaye Tatu, mama wa makamo aliyetoka Kerenge tangu alfajiri, akasema atasubiri kwa sharti moja, naye awaone.

Basi foleni nzima ikahamia kwa Chausiku, na Simeo mwenyewe nyuma yao, mweupe kwa unga. Kwenye arobaini na moja hakuna aliyepumua. Namba ikapita. Ilipotimia mia, vigelegele vikapigwa, na Mzee Andrea akavua kofia.

Alifuga siku tatu, Chausiku akimbonyezea. Ng'ombe walizaana, akawapa majina, akakataa kuuza hata mmoja. Siku ya tatu alasiri kioo kikawa cheusi, maneno yakatokea. Chausiku alijitahidi kuyalainisha, lakini hayakulainika: fedha za majani zimekwisha, mzee ameshindwa.

Mzee Andrea alisogea karibu na kioo.

"Muulize vizuri," alisema. "Nina ng'ombe sitini na wanne. Nimeshindwaje?"

Chausiku alitafuta pa kubonyeza ili aulize hilo, hakupaona. Walianza upya. Safari hii alimsihi auze angalau dume mmoja mapema, naye baada ya kubishana sana akakubali. Ikamchukua saa nzima kumchagua.