Ukoko wa Mpishi

Moshi wa kuni ulimwingia Zamda machoni, akajifuta kwa ncha ya khanga, akaendelea kugeuza pilau. Masufuria mawili ya akika yalikuwa kichochoroni, nyuma ya ghorofa moja la Kariakoo, na wapita njia walimsifia harufu. Mwanawe Hajira alikuwa wodini na mpira puani, tumbo limevimba limekaza, choo hakipiti.

Hajira alizaliwa na ugonjwa wa ute mzito. Mapafu hujaa makohozi, na kongosho halitoi maji ya kusagia mafuta, ndiyo maana kila mlo aliula na vidonge. Vikikosekana, chakula hugandamana utumboni mpaka njia inaziba. Dokta Elibariki hakumzungusha: ipo dawa ya unga, inakorogwa kwenye maji mengi na kupitishwa taratibu kwenye mpira mpaka utumbo ufunguke. Hospitali haina, ikanunuliwe nje. Usipofunguka, ni kisu.

"Lakini mama, ulimlisha nini?"

"Ukoko, Dokta."

Alijibu kwa aibu. Ukoko ni haki ya mpishi. Shughuli ikiisha anakwangua sufuria, anafunga, anawapelekea watoto. Vidonge vilikuwa vimekwisha siku nyingi, na Sista Victoria wa dirisha la dawa, shoga yake, ndiye aliyemwambia ampe tu kidogo, haina neno. Tena ndiye aliyemtafutia kazi hii ya leo kwa Mama Badria, mkubwa wa stoo ya dawa hospitalini, ili apate pesa ya ule unga. Zamda alimwombea dua njia nzima.

"Limeiva? Pandisha juu, shoga!" Victoria alimwita kutoka dirisha la ghorofani.

Wageni walikula wakalamba vidole. Zamda alipokuwa akikusanya masinia, Victoria alipita na kopo akiwagawia vidonge.

"Viwili viwili, jamani! Hata umalize mbuzi mzima, tumbo halikusumbui."

Wanawake wakacheka, mikono ikanyooshwa. Zamda akaliangalia lile kopo. Kwenye mfuniko palikuwa na ua lililochorwa kwa kalamu nyekundu, jani moja kubwa kuliko mengine. Ua la Hajira! Kliniki hawatoi kopo jipya, mgonjwa hurudisha lake lijazwe. Hili alilirudisha kwa mkono wake mwenyewe, na Victoria akamwambia, "Liache hapa. Dawa ya msaada ikija, wewe wa kwanza." Kila alipokwenda kuuliza, aliambiwa bado.

"Hilo kopo la mwanangu," alisema.

Victoria akacheka. "Makopo yote yanafanana!"

"Hilo ua kachora Hajira. Victoria, si uliniambia dawa haijaja? Mwanangu anakufa, nyie mnasagia pilau!"

Mama Badria alinawa mikono polepole, akajifuta.

"Zamda, mwanao amelazwa wapi vile?"

"Wodi ya watoto."

"Kwetu kule. Basi muombe Mungu atoke salama. Shughuli ya watu si mahali pa kuleta kesi. Mpeni chake aende."

Akapewa ujira mlangoni. Kopo lilibaki mkekani, kati ya wageni. Zamda alikwenda kununua ule unga Msimbazi, kisha akakimbilia hospitali.

Muuguzi wa wodi alishaikoroga dawa na kuianzisha, Dokta alipokuja kulisikiliza tumbo la Hajira.

"Naona limeanza kuguruma, lakini bado. Tusubiri mpaka asubuhi. Likifunguka aanze vidonge mara moja, kila mlo. Bila hivyo tutarudi hapa hapa."

"Dokta, vidonge vipo. Nimeviona leo kwa macho yangu..."

Victoria akaingia, amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, mkononi ana mfuko.

"Shikamoo, Sista," Hajira alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Sista, mama anasema vidonge vipo?" Dokta aliuliza.

"Havijaja, Dokta. Amechanganyikiwa, masikini. Na mafuta nilimkataza mara ngapi huyu."

"Muongo! Muongo mkubwa wewe, Victoria!"

"Mama," Dokta alisema, "hapa kuna watoto wagonjwa. Ukipiga kelele nitakutoa nje." Akamtazama kwa masikitiko, mama aliyemlisha mwanawe ukoko, akaenda kitanda kingine.

Victoria alisubiri afike mbali. Kisha akatoa kifurushi kwenye mfuko, akakiweka kitandani, miguuni mwa mtoto.

"Umeondoka mbio ukasahau haki yako," alisema taratibu. "Tusigombane, shoga. Dirisha la dawa ni lile lile."

Mafuta yalikuwa yameshapenya kwenye gazeti, sasa yanaingia kwenye shuka. Hajira alinusa, akageuza shingo kidogo kwa sababu ya mpira.

"Ukoko?" Macho yalimng'aa. "Mama, niwekee. Ahsante, Sista."