Laini Moja ya Msituni

Siku walipofunga simu kwenye lori langu, bosi Hakkarainen alipigwa picha ameishika yeye. Mimi dereva niliambiwa nisogee.

Februari ile mke wangu Lempi aliamka kifua kimembana. Nikaomba ruhusa nimpeleke hospitali.

"Kinnunen, una simu garini, hata mchungaji hana!" bosi akacheka. "Akizidiwa si atakupigia?"

Simu zile hazikuwa na akili ya kukutafuta. Anayekupigia lazima amtajie opereta uko eneo gani. Akikosea, inaita porini. Nikamwambia Lempi, taja Kajaani, ndiko nilikopangiwa kwenda. Nilipofika kwenye uwanja wa magogo, bosi akanigeuzia safari kwenda eneo jingine: nenda Suomussalmi. Ningebisha kwa ubavu gani?

Kabla ya adhuhuri lori likazama kwenye theluji. Milango yote miwili ikagoma. Nikainua simu nimpigie Lempi. Mlingoti wa simu wa huko ulikuwa na laini moja tu, na aliyeikalia ni Hakkarainen, yuko ofisini anaongea na shemeji yake aliye barabarani. Majibu ya shemeji sikuyapata. Bosi nilimsikia kama amekaa kando yangu.

"Mawe ya mtoni usiyaweke kwenye sauna, shemeji, yatapasuka! Ehe. Sasa, benchi la juu..."

Dakika ishirini, benchi la juu la chumba cha kuogea mvuke. Nikabonyeza kitufe, nikapiga kelele mpaka opereta Irja akaingia.

"Nani huyo anavuruga?"

"Kinnunen. Nimekwama, na mke wangu anaumwa moyo. Mkate huyo mtu, dada."

"Kaka, huo mlingoti umejengwa kwa ajili yake. Nikimkata, kesho sina kazi."

"Na mimi kesho sina mke."

Kisha Hakkarainen akakatika, neno likiwa mdomoni.

Simu ya nyumbani ikaita, ikaita.

"Haipokelewi, kaka. Nimemtuma Pesonen na teksi yake, na greda la kuondoa theluji linakuja kwako."

"Iache iite."

Nilikaa pale, magoti kwenye usukani, vioo vyeupe pande zote, naisikiliza. Hatimaye mtu akapokea.

"Lempi?"

"Ni Pesonen. Yuko mezani, Kinnunen. Amevaa koti na buti."

"Basi mpe simu."

"Siwezi, ndugu yangu."

Nikausukuma mlango kwa mabega, kwa miguu. Theluji haikuachia hata upenyo wa kidole. Nikarudi kwenye simu.

"Irja, alinipigia?"

"Mara mbili. Alisema Kajaani. Nikaita Kajaani."

Greda lilichukua saa nne kunifikia. Irja hakuikata laini muda wote huo, na hakuna mwingine aliyeitumia. Kwa hilo wakubwa wake walimfukuza kabla ya mwezi kwisha. Hakkarainen alikuja mazishini, akanywa kahawa yetu, akawaambia watu kwamba simu yake ndiyo iliyoniokoa.