Fuwele Zinazopenda Umbea

Bi Fuwele aliingia ofisini, akafuta meza, akachomeka birika, akamuuliza kila mtu habari za kwake, hadi za mkwe anayenuna. Ndipo akafungua faili la asubuhi. Kazi yake ilikuwa kupima maombi ya hataza: nani kavumbua nini, na je, ni jambo jipya kweli. Ombi la siku hiyo lilikuja na kichupa cha maji ya rangi ya chai iliyopauka.

Aliyatambua kabla hajasoma jina. Ilikuwa dawa ya vidonda, na mwombaji alikuwa Profesa wake wa zamani.

Enzi zile chuoni, maabara yao ilikuwa na sinki moja, feni inayolia, na watu waliobanana kama ndugu. Dawa ile iligoma kuganda. Waliipoza, wakaikoroga, wapi. Siku moja Bi Fuwele akaegemea chupa akimsimulia mwenzake jinsi mhasibu wa chuo alivyoachwa siku ya kuvishwa pete. Hajafika patamu, fuwele, punje ngumu zenye ncha, zikajipanga ndani ya chupa, nyeupe, zote zimemwelekezea ncha. Tangu hapo ikawa ndiyo njia: yeye anasimulia, dawa inaganda, maabara nzima inacheka. Jina la Bi Fuwele alilipatia hapo. Mkataba wake ulipokwisha, Profesa alisema chuo hakina fungu, naye akahamia huku kwenye mshahara wa uhakika.

Ombi lilisema: mchanganyiko huachwa utulie hadi ugande. Mvumbuzi ni Profesa, peke yake.

Akakibeba kichupa hadi kwa Mkuu wa ofisi.

"Mkuu, hii kazi ni yangu. Nataka jina langu liwemo."

"Una maandishi?"

"Tulikuwa tunapiga soga. Nani anaandika soga?" Akakiweka mezani. "Yule mhasibu wetu wa chuo, aliyeachwa siku ya pete, unajua mwishowe aliolewa na nani?"

Fuwele zikaanza kushuka. Mkuu akavua miwani, akazitazama.

"Naam, zimekuja," akasema. "Aliolewa na nani?"

"Na kaka wa yule yule aliyemwacha."

"Makubwa." Mkuu akavaa miwani. "Lakini chupa haitii saini, dada yangu. Na kwa kuwa mwombaji unamjua, faili siwezi kukuachia."

Faili likaenda meza ya jirani, kwa mpimaji mzee aliyeitwa Babu Mihuri. Alipekua kila jarida, hakuona popote palipoandikwa jina la Bi Fuwele. Akagonga muhuri. Kisha akamletea kiti chake chenye mto.

"Pole, mwanangu. Nilitafuta kweli."

Profesa akapata hataza yake, na kiwandani dawa iliachwa itulie. Ikatulia tu. Profesa akapiga simu mwenyewe.

"Binti yangu, hebu zungumza nazo kidogo. Wagonjwa wanasubiri."

"Ziletwe hapa. Na jina langu?"

"Hilo tutaliangalia."

Hadi leo linaangaliwa. Kila Jumatatu dereva wa kiwanda hushusha chupa kubwa, na ofisi nzima huvuta viti. Bi Fuwele huigeuza kwanza, ile lebo yenye jina la Profesa itazame ukutani. Halafu humimina chai, huegemea chupa kama zamani.

"Mnaikumbuka ile feni yetu?" huziuliza.

Na fuwele huanza kushuka.