Kukata Sauti kwa Kidole

Kwa wiki tisa Mzee Évariste alilipiga zumari la mazoezi bila kosa hata moja, na hilo ndilo lililomponza.

Lilikuwa bomba jeusi la plastiki lenye matundu, linalopulizwa moja kwa moja kwa mdomo. Mwalimu wake alikuwa Seif, fundi wa dari kutoka Unguja anayeishi ugenini kama yeye, mtaa wa Hillbrow, ambaye zamani akiwa kazini Maskati alijifunza zumari kubwa la mfuko, lile linalojazwa upepo na kubanwa kwapani. Walikutana kila Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa kule mtaa wa Observatory.

"Zumari la mfuko halipumziki," Seif alimwambia siku ya kwanza. "Mfuko ukijaa, linalia tu. Ukitaka sauti ile ile mara mbili, uikate kwa kidole. Inua cha shahada, kirudishe upesi, kama umegusa sufuria ya moto. Hilo ndilo pambo la kwanza."

Évariste alielewa. Lakini kwao Lubumbashi alikuwa amepiga klarineti kanisani miaka thelathini, na ulimi wake ulikwisha zoea kukata sauti. Kila palipotakiwa pambo, ulimi ulitangulia, kidole kikafuata kwa kuchelewa. Kwenye bomba lile dogo hakuna aliyetambua, hata yeye mwenyewe.

Mkewe, Thérèse, alikuwa mpishi wa shule moja iliyokuwa na bendi ya mazumari ya mfuko. Kila Alhamisi alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akisikiliza. Alisema akifa anataka kupigiwa zumari la namna hiyo. Évariste alimjibu kwamba klarineti inatosha. Alipofariki, Februari 2017, hakukuwa na zumari wala klarineti. Évariste hakulia. Alisimamia chakula, akawashukuru watu, akarudi kwenye cherehani yake. Sasa jiwe la kaburi lilikuwa lifunuliwe mbele ya watu Jumamosi, na katika programu aliandika mwenyewe: wimbo, mistari minne, mpigaji Papa Évariste.

Jumapili ya mwisho Seif alimkabidhi zumari la mfuko. Wimbo ulianza kwa sauti tatu zinazofanana.

"Mzee wangu, hizo tatu umezipeleka wapi?"

"Zipo."

"Mimi nasikia moja. Ndefu, kama honi ya teksi iliyokwama."

Évariste akarudia. Ikatoka moja.

Seif alimtazama mdomoni, kisha vidoleni. "Kumbe muda wote huu unakata kwa ulimi."

"Kwa ulimi na kwa kidole."

"Kwa ulimi. Humu haufiki, mzee. Upepo unatoka kwenye mfuko. Nipige mimi Jumamosi. Mama atasikia vile vile."

"Mume wake ni wewe?"

"Astaghfirullahi. Haya, piga wewe."

Siku tano zilizofuata hakupuliza kitu asubuhi. Aliinua kidole na kukishusha juu ya meza ya cherehani, mara mia, mara mia nyingine. Hakumfikiria Thérèse. Alifikiria kidole. Jioni alimfuata Seif, akajaribu kwenye mfuko. Kufikia Ijumaa mstari wa kwanza ulitoka na mapambo yake matano. Mingine mitatu ilibaki uji.

Usiku ule alimwambia binti yake, Carmel, "Nitapiga mstari mmoja. Inayobaki muimbe."

"Papa, programu inasema minne. Watu wanayo tayari."

"Programu niliandika miye. Nilikosea."

Carmel alimtazama kwa mshangao, maana hakuwa amewahi kumsikia akisema neno hilo.

Makaburini kulikuwa na upepo mkavu. Watu walisimama wakizunguka jiwe lililofunikwa kitambaa. Évariste alijaza mfuko, akaubana kwapani. Sauti tatu zilitoka tatu. Aliendelea akihesabu: pambo la pili, la tatu. Nyuma yake mama mmoja wa kanisa alianza kulia, akafuatiwa na Carmel. Yeye alihesabu mpaka tano, akauachia mfuko. Uliguna, ukanyamaza. Watu wakaupokea mstari wa pili kwa midomo yao.

Alisubiri ndani yake kitu kiinuke. Hakikuinuka. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi kwa kubana.

Seif akamsogelea. "Pambo la nne lilichelewa," alinong'ona.

"Nililisikia."

"Jumapili?"

Évariste alilitazama jiwe, ambalo sasa Carmel alikuwa akilifunua.

"Bado mistari mitatu," alisema.